Kamera katika Njia ya Misafara: Kiswahili cha Habari za Uchunguzi za Televisheni

1. Utangulizi



Naomba nianze na sentensi ambayo kila mtazamaji wa taarifa ya habari nchini Tanzania amekwisha kuisikia mara nyingi: "Mtu mmoja ameuawa na watu wasiojulikana." Kisarufi sentensi hii haina kasoro. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, mtendwa ametangulia, na mtenda ameletwa na "na" kama ilivyo kawaida. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mtenda huyo ametajwa ili isemwe kwamba hatajwi. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ina haki ya kuishia hapo, maana wajibu wake ni kueleza lililotokea. Kipindi cha uchunguzi huanzia hapo. Kazi yake yote inaweza kuelezwa kuwa ni kuliondoa neno "wasiojulikana" katika sentensi hiyo na kuweka mahali pake majina, sababu, na fedha zilizopita mkono kwa mkono.

Katika mhadhara huu nitajaribu kuonyesha kwamba kazi hiyo ni ya lugha kabla ya kuwa ya kamera. Mwandishi wa televisheni huja na picha, na picha huaminiwa upesi. Lakini maana ya picha huamuliwa na maneno yanayoandamana nayo: anavyoitwa aliyedhulumiwa, anavyoitwa mtuhumiwa, na kama mtuhumiwa huyo amepewa nafasi ya kusema. Mifano yangu mingi nitaitoa Tabora na nchi za jirani, yaani eneo la magharibi lililopitiwa na njia ya zamani ya misafara. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni katika eneo hilo na kandokando ya Ziwa Viktoria ambako visa vilivyowaleta waandishi wa uchunguzi wa ndani na nje vilitokea. Pili, Tabora ina uzoefu wa muda mrefu wa kuandikwa na wageni, na uzoefu huo una funzo kwetu.

2. Habari njiani kabla ya kamera

Mwezi wa Juni 1871 aliingia Unyanyembe mwandishi wa gazeti. Henry Morton Stanley alikuwa ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone. Sisi tumezoea kumhesabu miongoni mwa wavumbuzi, na baadaye miongoni mwa mawakala wa ukoloni, tukasahau kwamba safari yake ya kwanza katika njia hii ilikuwa kazi ya habari: kulikuwa na swali moja, gharama zililipwa na mwenye gazeti, na wasomaji walikuwa wakingoja.

Alipofika aliikuta njia ya Ujiji imefungwa. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa katika mgogoro na Waarabu wa Tabora juu ya ushuru na biashara ya njia hiyo. Stanley hakubaki pembeni kutazama. Mwezi wa Agosti aliungana na Waarabu kwenda kumpiga Mirambo, na vita hiyo ikawaendea vibaya. Katika maandishi yake ya wakati ule Mirambo ni jambazi na mporaji. Sifa hizo aliwasikia wakizitoa wenyeji wake wa Tabora, ambao ndio waliokuwa wakigombana na mtemi huyo. Mirambo mwenyewe hakuwa ameulizwa neno.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1876, Stanley alipita tena nchi hizo akakutana na Mirambo uso kwa uso. Walichanjiana damu, na tangu hapo mwandishi yuleyule akamweleza mtemi yuleyule kwa sifa za kiongozi mwenye adabu na busara. Katika miaka hiyo mitano Mirambo hakuwa amebadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni kwamba aliyekuwa akisimuliwa sasa alikuwa amesema. Kwa lugha ya vyumba vya habari vya leo tungesema kwamba haki ya kujibu ilichelewa miaka mitano, na kwa wasomaji waliosoma habari za kwanza bila kuzisoma za pili, haikufika kabisa.

Jambo la pili la kukumbuka katika safari hiyo ni mlolongo wa tafsiri. Stanley alifuatana na Selim, kijana Mwarabu Mkristo aliyemfasiria Kiarabu, na askari wake waliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Kiyao aliyekuwa amekwisha kuwatumikia wasafiri wa Kiingereza waliomtangulia Stanley. Neno la Mnyamwezi lilipita katika Kiswahili, wakati mwingine katika Kiarabu, ndipo likaandikwa kwa Kiingereza. Kila kituo cha njia hiyo kilikuwa na uwezo wa kupunguza au kuongeza. Nitarudi kwenye mlolongo huu, kwa sababu bado upo.

3. Televisheni na majina ya kazi hii

Zanzibar ilipata televisheni mapema katika miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya taifa ilifuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo mwandishi wa televisheni wa Tanzania Bara alirithi Kiswahili cha redio na magazeti, na kwa jambo hili la uchunguzi alilazimika kutafuta hata jina la kazi yake.

Majina yaliyojaribiwa yanafaa kuangaliwa. La kwanza ni "upelelezi". Lina nguvu, lakini mpelelezi katika masikio ya Mswahili ni askari kanzu au jasusi. Mwanakijiji akiambiwa kwamba amejiwa na mwandishi mpelelezi atafunga mlango. La pili ni "upekuzi", ambalo limepata nafasi zaidi nchini Kenya. Kupekua ni kutia mkono ndani ya mali ya mtu, kama afanyavyo polisi mwenye hati au mtoto mtundu katika sanduku la nyanya yake. Neno hilo linakiri jambo ambalo mengine huficha: kwamba kazi hii humwingilia mtu. La tatu ni "uchunguzi", na hilo ndilo lililotawala Tanzania. Mchunguzi ni daktari anayechunguza damu, ni mwanasayansi, na pia ni tume ya serikali. Ni neno safi, na huenda limekuwa safi mno, kwa maana linaahidi uhakika wa maabara mahali ambapo mara nyingi kuna ushahidi wa watu wenye hofu tu.

Kenya ndiko televisheni ya Kiswahili ilikoonyesha wazi kwamba kipindi cha namna hii kinaweza kupata watazamaji wengi bila kuegemea Kiingereza. Kipindi cha "Jicho Pevu" cha kituo cha KTN, kilichofahamika kwa sauti ya Mohammed Ali, kiliingia katika masuala ya mihadarati, mauaji na rushwa kwa Kiswahili chenye mafumbo, vina na methali. Ali mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Nyali mwaka 2017. Wako waliokilaumu kipindi hicho kwa kuutia ushahidi chumvi za ufasaha. Lawama hiyo ina uzito: mtazamaji akiisha kuvutwa na methali, anaweza asiulize hati iko wapi. Hata hivyo, hakuna awezaye kusema tena kwamba Kiswahili hakiwezi kazi hiyo.

4. Kisa chenyewe

Sasa nije kwenye kisa. Kuanzia mwaka 2007 mikoa ya kanda ya ziwa na ya magharibi ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino. Walikatwa viungo, na viungo hivyo viliuzwa kwa imani kwamba vingeleta utajiri katika machimbo, uvuvi au biashara. Taarifa za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 zilitaja waliouawa nchini tangu mwaka 2000 kuwa zaidi ya watu 70, mbali na walionusurika wakiwa na ulemavu wa kudumu. Mkoa wa Tabora haukuepuka: mwezi wa Agosti 2014 msichana wa miaka 15 alikatwa mkono.

Mwanzoni visa hivi vilitangazwa kwa sentensi niliyoanza nayo, ikiongezewa maneno machache: "watu wasiojulikana, kwa imani za kishirikina." Tazama maneno hayo yanavyofanya kazi. Yanaonekana kuwa maelezo ya sababu, lakini yanalifunga swali. Ushirikina hauna akaunti ya benki, haupandi pikipiki usiku, wala hauweki oda. Kama sababu ni imani, basi mkosaji ni kijiji kizima, na kama mkosaji ni kijiji kizima, hakuna wa kushtakiwa.

Mwandishi aliyelifungua swali hilo ni Vicky Ntetema, aliyekuwa akiongoza ofisi ya BBC mjini Dar es Salaam. Mwaka 2008 alikwenda kwa waganga kadhaa wa kanda ya ziwa akijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri. Alichorudi nacho kilikuwa bei: alielezwa kwamba dawa yenye viungo vya mtu mwenye ualbino ingeanzia maelfu ya dola za Kimarekani. Bei hiyo ilibadili aina ya habari. Kiasi kama hicho hakimo mfukoni mwa mkulima wa tumbaku wa Urambo wala wa mchimbaji anayelala chini ya turubai. Kwa hiyo ilibidi kuuliza mnunuzi ni nani. Ntetema alitishiwa maisha, akalazimika kujificha, na mwaka 2010 alipewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi wa habari. Mwaka 2011 kituo cha Al Jazeera kilirusha kipindi cha mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ambamo mkono wa bandia ulitumika kumnasa mganga mbele ya kamera iliyofichwa. Watafiti nao walifuata njia hiyo ya fedha: mwaka 2010 Deborah Fahy Bryceson na wenzake walichapisha makala iliyoyahusisha mauaji haya na hali ya wachimbaji wadogo, watu wanaohatarisha mtaji wote kwa bahati, na waganga wanaowauzia hiyo bahati.

Sheria ilianza kujongea. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana wa miaka 14, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza ya aina yake. Sidai kwamba hukumu hiyo ililetwa na vipindi vya televisheni. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba katika hukumu, kama katika uchunguzi mzuri wa mwandishi, "wasiojulikana" walikuwa wamepata majina.

5. Kutoka "dili" hadi "mtu"

Wanaisimu tuna la kusema hapa. Wauaji na madalali wao walikuwa na neno lao: "dili". Neno hili la mitaani lenye maana ya biashara ya faida liligeuzwa kuwa jina la mtu. Watu wenye ualbino walieleza mara nyingi jinsi walivyosikia wakiitwa hivyo wakipita njiani.

Kiswahili, kama tujuavyo, kina kanuni madhubuti ya upatanisho. Nomino inayotaja kiumbe chenye uhai hupatanishwa kwa kawaida kama nomino za ngeli ya kwanza, hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Husema "kijana amefika", husemi "kijana kimefika". Kipofu ameketi, daktari anakuja. Sarufi yenyewe humlinda mtu asihesabiwe kuwa kitu. Lakini anayesema "dili linapita" ameuvunja ulinzi huo kwa kiambishi kimoja. Amemwondoa mwanadamu katika ngeli yake na kumweka pamoja na gunia na debe. Silaha ilikuja baadaye, kiambishi kilitangulia.

Neno la zamani, "zeruzeru", lilibeba dhihaka na uvumi, ukiwemo ule kwamba watu hao hawafi bali hutoweka. Vyombo vya habari vikahamia "albino", kisha "mlemavu wa ngozi", na hatimaye "mtu mwenye ualbino", istilahi iliyopiganiwa na wahusika wenyewe kupitia chama chao kilichoanzishwa mwaka 1978. Wako wanaoona kwamba istilahi hiyo ni ndefu mno kwa kichwa cha habari. Ni kweli ni ndefu. Urefu wake una sababu: unamlazimisha mtangazaji kutamka "mtu" kwanza, na kutamka hivyo humrudisha mhusika katika ngeli yake kabla hali ya ngozi yake haijatajwa.

Liko pia neno "viungo". Mwambao litaleta harufu ya karafuu na mdalasini. Katika taarifa hizi lilikuwa sehemu za mwili. Mtangazaji aliyesema "biashara ya viungo" alikuwa ametumia maneno sahihi, lakini neno "biashara" lilileta picha ya soko lenye muuzaji na mnunuzi, kana kwamba bidhaa ilikuwa imekwishapatikana kihalali. "Kukata mkono wa mtoto" ni maneno manne mazito kusikika sebuleni, nayo ndiyo ya kweli.

6. Mganga, mlogi na mpiga ramli

Neno lililoleta madhara makubwa zaidi katika tafsiri ni "mganga". Kinyamwezi na Kisukuma hutenganisha mfumu, ambaye hutibu na kutafuta sababu ya maradhi, na mlogi, ambaye hudhuru. Kiswahili nacho hutenganisha mganga na mchawi. Sheria ya nchi pia: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inahusu uchawi, na Sheria ya Tiba za Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua na kumsajili mganga. Vipindi vya Kiingereza viliporushwa duniani, mara nyingi watu hawa wote walipewa jina moja linalomfanya mganga na mchawi kuwa mtu mmoja. Mlolongo wa tafsiri wa mwaka 1871 ulikuwa umerudi ukiwa na mitambo bora zaidi.

Hilo lilikuwa na matokeo. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi wote. Hasira ya serikali ilieleweka. Lakini agizo halikutofautisha muuza mizizi ya homa na muuza ndoto za utajiri. Mwaka 2015 lugha ya viongozi ilikuwa imekwisha kupata neno kali na finyu zaidi, "ramli chonganishi", yaani ramli inayomtaja jirani kuwa chanzo cha msiba. Neno hilo lina faida kwa mchunguzi kwa sababu linataja tendo na kuacha kabila na kazi ya mtu. Tena linafungua kisa cha pili ambacho Unyamwezi na Usukuma zimekijua kwa muda mrefu: mauaji ya wanawake vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekwa wekundu na moshi wa kuni na samadi. Ramli humtaja, jamaa hukodi, bibi hufa, na taarifa ya habari husema "watu wasiojulikana". Hapa nako, mara nyingi, kiini ni shamba, mirathi au ng'ombe, na mwandishi anayeishia kwenye imani hajafika bado.

Naomba nieleweke. Sitetei mganga yeyote aliyeagiza damu. Nasema kwamba mtuhumiwa aliyenaswa na kamera ya siri ana haki ileile aliyonyimwa Mirambo mwaka 1871, na kwamba maelfu ya waganga ambao hawakunaswa wana haki ya kutohukumiwa kwa jina la wenzao.

7. Hadhari kwa anayebeba kamera

Kuna swali moja ambalo redio na gazeti havikulikabili kwa kiasi hiki: uso. Mashahidi wa visa hivi walikuwa watoto na akina mama wa vijijini. Baadhi ya watoto walihamishiwa katika vituo kama Buhangija mkoani Shinyanga na Kabanga huko Kasulu, na kamera zikawafuata. Picha ya mtoto akichezea kivuli cha ukuta huwasikitisha watazamaji wa mbali, na hilo lina faida. Lakini picha hiyohiyo humwonyesha anayemwinda kituo kiko wapi, lango liko upande gani, na watoto ni wangapi. Kufunika uso hakutoshi ikiwa jina la kijiji na la mwalimu vimetajwa. Mwandishi anapaswa kujiuliza kila mara nani mwingine anatazama.

Vilevile idhini. Mama aliyeulizwa kwa Kiswahili cha mjini, "Tunaweza kukurekodi?", akajibu "Haya", huenda amekubali kuzungumza bila kujua kwamba sura yake itaonekana Nairobi, London na katika simu ya jirani yake. "Haya" ya adabu kwa mgeni si idhini. Idhini huombwa kwa lugha ya mhusika, kwa maelezo kamili, na huombwa tena baada ya picha kuonyeshwa kwake.

8. Hitimisho

Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino alitekwa mikononi mwa mama yake na kuuawa mkoani Kagera. Nchi ilishtuka, washukiwa wakafikishwa mahakamani. Kwa hiyo mada hii haijawa historia, na wanafunzi wetu watakaoingia vyumba vya habari wataikuta ikiwangoja.

Ninapendekeza kwamba idara zetu za Kiswahili zishirikiane na shule za uandishi wa habari katika mambo matatu. La kwanza ni kuandaa mwongozo wa istilahi za visa vya aina hii, kwa kuwashirikisha watu wenye ualbino, waganga waliosajiliwa na wanasheria. La pili ni kufundisha ufasiri wa mahojiano ya Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha na lugha nyingine kama taaluma, badala ya kumwachia dereva wa gari la kituo. La tatu ni kuhifadhi vipindi hivi katika maktaba zetu. Safari ya Stanley tunaweza kuihakiki leo kwa sababu maandishi yake yapo, nayo yanamshuhudia hata pale yanapomsuta. Kipindi cha televisheni kilichofutwa ili mkanda utumike tena hakiwezi kuhakikiwa na yeyote, na walionusurika hawatakuwa na pa kuonyesha walichosema.